Maiti Hapitwi Njiani

Asubuhi ile Janepher alikanda unga wa chapati mara mbili. Wa kwanza uliingia jivu ukageuka saruji, akaumwaga. Wa pili aliufunika kwa sinia, akaweka jiwe juu ya sinia, kisha akawasha sigiri mahali pake pa siku zote, kando ya ukuta wa kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, Kator, mjini Juba. Chapati hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za waombolezaji waliomsindikiza uwanja wa ndege kumpeleka kaka yake, Erifazi, aanze safari ya kwenda kuzikwa kwao Masaka, Uganda. Sasa walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakipangusa nyuso na kusubiri chai.

Jivu lenyewe lilitoka kwenye mlima mmoja huko Ethiopia. Mlima ule haukuwa na ugomvi wowote na Juba, na Juba haikuwa hata inajua jina lake, lakini upepo haukuuliza. Boda zilikohoa zikazima barabarani. Malori ya maji yalisimama yakiwa yamejaa. Redio iliwashauri wananchi wasivute hewa bila sababu ya msingi, na wananchi, kwa utii wao wa siku zote, walijitahidi.

Janepher alipokuwa anageuza chapati ya kwanza, kivuli kilikuja kikafunika kikaango. Alisubiri kipite, nacho hakikupita. Akainua macho, akaona ndege imesimama juu ya Kator, juu kidogo ya mnara wa kanisa. Injini zimezima, magurudumu yamekunjwa, na tumbo lake jeupe limegeuka kijivu. Haikuwa inakwenda wala kuanguka. Ilikuwa imetulia tu, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

"Angalau kivuli," alisema mwanamke anayeuza nyanya, akasogeza meza yake.

Janepher aliitambua. Ilikuwa ndege ya asubuhi ya kwenda Entebbe, na ndiyo iliyombeba kaka yake.

Erifazi alikuwa fundi wa boda huko Sherikat, karibu na daraja. Mtu wa maneno machache na spana nyingi. Malaria ilimpanda kichwani akafa katikati ya wiki, mwezi ule ule ambao mji mzima ungemhitaji, kwa kuwa hakuna aliyejua kusafisha filta kama yeye. Waganda wa Kator na Sherikat walichanga, kama ilivyo desturi, maana Mganda akifia ugenini hazikwi ugenini ilhali kwao wapo. Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu, majani ya mgomba yakafungwa mbele ya gari, safari ikaanza.

Majani yale yana maana yake. Kwao Masaka, gari likifungwa majani ya mgomba kila mtu anajua kuna maiti, na maiti hapitwi njiani. Basi husubiri, lori husubiri, hata askari wa barabarani hugeuza uso upande mwingine. Mtu ana haraka gani ya kumpita aliyekwisha kufika?

Sasa katika barabara ya uwanja wa ndege, msafara wa V8 ulikuja nyuma yao na king'ora, ukawapita kwa kasi, jivu likawafunika waombolezaji wote hadi kwenye pikapu hapakujulikana nani hai nani marehemu. Janepher aliumia moyoni. Lakini alikuwa mtu wa kuwatafutia watu udhuru, akasema hawakuyaona majani kwa sababu ya vumbi. Kwenye lango la mizigo watu wa uwanjani walipokea jeneza, jani moja la mgomba likiwa juu yake, wakasema "mafi mushkila", hakuna shida, ndege ni hii hii. Kiti cha kumsindikiza hakikuwepo. Janepher angefuata kwa lori baadaye, njia ya mpakani Nimule ikifunguka.

Ndiyo maana aliposimama chini ya ile ndege hakupiga kelele. Alipangusa mikono, akampigia simu Senga, shangazi yake wa Masaka, mwenye msiba.

Senga aliuliza maiti imefika wapi. Janepher akajibu kwamba iko juu yake hapa, palepale anapokaangia chapati. Senga akauliza juu kiasi gani. Janepher akasema juu ya mnara wa kanisa. Senga alipima, kisha akasema kaburi limeshachimbwa, na kaburi lililochimbwa halilali bila mwenyewe. Wangewasha moto kando yake na kuweka watu wa kulilinda, lakini si milele. Kaburi likikaa wazi mno huanza kutafuta mtu, na mle nyumbani kulikuwa na watoto. Erifazi asipofika, wangekata mgomba, wauvishe lubugo, ile sanda ya gome la mti, wauzike kwa jina lake. Na aliyezikwa kwa mgomba amezikwa. Hapokelewi tena.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," alisema Senga. "Mwambie rubani hivyo."

Kabla Janepher hajapata wa kumwambia, mlango wa ndege ulifunguka. Akatokea kijana aliyevaa suti na miwani myeusi, kipaza sauti mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Cirillo, afisa wa protokali wa Mheshimiwa. Alisema Mheshimiwa na ujumbe wake wamo safarini kwenda Entebbe kwenye semina ya namna ya kujiandaa na majanga ya asili, kwamba kumetokea ucheleweshaji mdogo, na kwamba ujumbe haujapata kifungua kinywa.

Mtu mmoja chini alipendekeza washuke kwa ngazi ya mafundi wa umeme. Cirillo alilieleza jambo hilo kwa upole, kama anamweleza mtoto. Mheshimiwa ameshaondoka nchini. Aliagwa rasmi, bendi ilipiga, marupurupu ya safari yameanza kuhesabika. Akishuka sasa itakuwa amerudi, na kurudi kuna taratibu zake. Isitoshe, kiti chake ofisini kina watu wanaokitolea macho, na mtu aliyeko nje ya nchi kikazi hanyang'anywi kiti. Kwa hiyo atasubiri palepale nje ya nchi.

Kamba ikashushwa. Ilikuwa ya mikanda ya viti na tai za wajumbe zilizounganishwa, na mwisho wake beseni. Beseni lilitua mbele ya sigiri ya Janepher, kwa kuwa ndiye aliyekuwa chini kabisa ya mlango.

Janepher alilitazama beseni, kisha akamtazama Cirillo.

"Mimi iko na ndugu yangu humo tumboni," alisema. "Kama kamba inaweza panda na chakula, inaweza shuka na yeye."

"Pole sana, mama. Kamba hii ni ya kupandisha tu. Kushusha ni idara nyingine."

Akaingia ndani kuuliza. Alipotoka alisema Mheshimiwa amelala, ila akiamka ataarifiwa. Baadaye Mheshimiwa aliamka, akaarifiwa, akatuma salamu za rambirambi. Jeneza lisingeweza kushushwa kwa sasa, alisema Cirillo, kwa sababu ndilo linaloipa ndege mizani. Likitoka, ndege italala ubavu na taifa litapoteza viongozi. Marehemu ahesabiwe kuwa mjumbe. Watafika pamoja.

Mtu mwingine angetukana. Janepher alifikiria jambo moja tu, kwamba Erifazi amelala mle gizani peke yake, na maiti haachwi peke yake kabla ya kuzikwa. Akaomba basi angalau mtu akae naye. Cirillo hakuhitaji hata kuingia kuuliza. Alisema wameshawekwa watu wa kukesha naye kwa zamu, na jioni wataimba.

Na kweli jioni ndege iliimba. Sauti za wanaume zilishuka pamoja na jivu, pamoja na vicheko na milio ya chupa, na wimbo wenyewe haukuwa wa kanisani, lakini Janepher alijua kila kabila lina nyimbo zake za msiba. Aliketi kwenye kigoda akalia kwa shukrani. Alimwambia Senga kwamba kaka yake hakulala mpweke.

Hapo ndipo lilipoingia kosa ambalo mtu wa taifa lingine asingelifanya. Kwa Waganda, anayekesha na maiti hulishwa. Hilo halina mjadala. Msiba usio na chakula ni aibu ya ukoo mzima. Habari ilipoenea kwamba juu kuna wakeshaji, michango ilianza kumiminika. Kutoka Sherikat yalikuja maharage na unga wa posho wa kusongea ugali. Kutoka New Site akaja mtu na mbuzi. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alileta karanga akazitwanga mwenyewe. Janepher alipika sufuria baada ya sufuria, na beseni likapanda na kushuka kutwa. Msiba ulikuwa juu, chakula kikaenda juu.

Wakeshaji walikuwa na hamu nzuri. Siku ya kwanza walitosheka na chapati na maharage. Halafu Cirillo akasema wakeshaji wanaomba nyama kidogo kwa sababu huzuni inachosha. Halafu samaki wa mtoni. Halafu mkeshaji mmoja au wawili wasingeweza kabisa kukesha bila pilipili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakusema jembe linapandishwaje angani.

Kadiri walivyokula, ndege ilishuka. Haikushuka kwa ghafla. Ilikuwa inazama taratibu, kama mashua inayopakiwa. Ilifika sawasawa na msalaba wa mnara, ikapita kengele, ikafika kwenye paa. Watu walilipokea hilo kama wanavyopokea mto unaopanda na kushuka. Watoto walianza kuwajua wajumbe kwa sura zao madirishani, na jinsi sura hizo zilivyozidi kujaza madirisha.

Kivuli nacho kiliongezeka, na hapo mambo yakabadilika. Jua la Juba lilikuwa linapenya kwenye jivu likiwa jekundu kama kaa, na kivuli cha ndege ndicho kilikuwa kivuli pekee cha maana mtaani. Wauza nyanya, washona viatu, wagonjwa waliokuwa wanakwenda zahanati kwa miguu, wote walikaa chini ya mabawa. Kisha wakaja wanajeshi, wakaweka kamba na mapipa. Kivuli kile, walisema, ni cha Mheshimiwa, hivyo ni eneo la usalama. V8 zake zikaja kuegeshwa humo zisipauke rangi. Wauzaji wakarudi juani bila kubishana sana. Mwenye nguvu mpishe. Janepher peke yake aliachwa, kwa kuwa alikuwa huduma muhimu.

Rubani wa ndege alikuwa Mkenya aitwaye Onesmus. Ndege iliposhuka kiasi cha watu kusemezana bila kipaza sauti, alikuwa akifungua kidirisha chake na kuzungumza na Janepher aliyekuwa akikoroga sufuria. Alikuwa amekonda, kwa sababu chakula kilianzia kwa Mheshimiwa na kuja mbele, na mbele ni mbali. Alimweleza ilivyokuwa. Aliwaambia wajumbe asubuhi ile kwamba jivu huua injini, wakamjibu Mheshimiwa amesema hakuna shida. Injini zikafa juu ya Kator. Ndege ikawa tayari kuanguka, kila kitu kikawa tayari. Lakini Mheshimiwa alikuwa amesinzia, na kuanguka kulihitaji kibali chake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwamsha kwa jambo kama hilo.

"Na ndugu yangu?" aliuliza Janepher. "Unasikia anapigwa pigwa na mizigo?"

Onesmus alisema mizigo hupakiwa na watu wa uwanjani, yeye huambiwa uzito tu, na uzito walioutaja ulikuwa mkubwa sana. Janepher akasema Erifazi alikuwa mtu mwembamba. Kisha kamba ikatikisika, beseni likahitajika.

Usiku wa jana yake Senga alikuwa amepiga simu, sauti yake imebadilika. Walinzi wa kaburi wamechoka. Mtoto mmoja wa jirani alikutwa amelala kwenye ukingo, mguu unaning'inia ndani, na hakukumbuka alifikaje. Ukoo umekaa, umeamua. Wangesubiri hadi jua la kesho lipite utosini, basi. Janepher alimsihi, Senga akalia, lakini hakuongeza muda. Kaburi halina subira ya ndege.

Kwa hiyo siku ile, baada ya mazungumzo na Onesmus, Janepher aliepua sufuria na hakulijaza beseni. Alimtuma mtu amwite Lado.

Lado alikuwa dereva wa raksha, yaani bajaji, kijana wa kabila la Kibari wa New Site, na raksha yake ilikuwa karibu ya pekee iliyokuwa bado inatembea mjini. Siri yake ilikuwa gauni la ndani la mama yake, lililokunjwa mara nne na kufungwa kwenye filta. Ni Erifazi aliyemfundisha, wiki mbili kabla hajafa, bila kujua kwamba anafundisha dawa ya jivu. Lado alikuja, akawapita wanajeshi kwa kusema amemletea Mheshimiwa kuni, akaegesha raksha chini ya tumbo la ndege. Ndege ilikuwa imefika usawa wa matawi ya chini ya mwarobaini. Janepher akachukua spana kubwa ya kaka yake, akapanda kwenye kiti, akapanda kwenye paa la raksha, na Lado akamshika miguu.

Onesmus alitoa kichwa dirishani.

"Mama, usigonge," alisema. "Vuta hiyo kwanza, halafu zungusha. Pole pole."

Mlango wa mizigo ukafunguka.

Kwanza zikaonekana mbao za msaji, zimepangwa toka sakafuni hadi darini, zimepigwa randa zikang'aa. Zingetosha majeneza ya Kator nzima na nyingine zikabaki. Katikati ya mbao kulikuwa na madumu ya asali, katoni za maji ya chupa, na kitanda kizima cha Mheshimiwa na godoro lake, kwa sababu halali kwenye vitanda vya watu. Palikuwa pamejaa kiasi kwamba hata kuku asingepata pa kusimama. Jeneza halikuwemo. Wala hapakuwa na nafasi ambapo lingekuwa limewahi kuwemo.

Janepher aliangalia kote. Aliingiza mkono kati ya mbao, akapapasa hadi begani, akautoa. Cirillo alikuwa ameshafika kwenye mlango wa juu, akainama.

"Ndugu yangu iko wapi?" aliuliza Janepher.

"Malesh, samahani mama. Mzigo wa Mheshimiwa ulizidi. Yule wako aliambiwa asubiri ndege ya mchana."

Ndege ya mchana haikuwepo. Tangu siku ile hakuna ndege iliyoruka.

"Na waliokuwa wanaimba?"

"Waliimba," alisema Cirillo, naye hakuwa anadanganya.

Janepher alishuka. Wakati huo ndipo alipoelewa kwamba msafara uliowapita barabarani ulikuwa wa Mheshimiwa, na kwamba watu wake waliyaona majani ya mgomba vizuri tu. Hasira ilimshika hadi meno yakauma. Aliizima sigiri kwa maji ya kuoshea vyombo, akaingia kwenye raksha na spana yake mkononi, na Lado akaondoa gari.

Walimkuta Erifazi uwanja wa ndege, nje ya ghala la mizigo, ukutani. Jivu lilikuwa limemfunika, na kama si ncha ya jani la mgomba lililokauka wasingemjua. Katikati ya jeneza palikuwa safi, pamesuguliwa. Wapagazi wa uwanjani, kwa kuwa hapakuwa na ndege wala kazi, walikuwa wanakaa hapo kila jioni kucheza karata na kunywa chai. Walisimama walipomwona Janepher, wakavua kofia. Mmoja alisema hawakujua ni mtu, kisha akasema walijua, lakini hapakuwa na benchi. Janepher hakuwagombeza. Kumbe Erifazi alikuwa na wakeshaji wake siku zote, nao hawakuomba hata chapati moja.

Alipokuwa anapangusa jivu kwenye jeneza, simu iliita. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Senga alisema wamemaliza. Mgomba ulikatwa wenye kimo cha Erifazi, ukavishwa lubugo, katekista akasoma, watu wakalia vizuri sana. Alikuwa na msiba wa heshima.

"Nimempata, Senga," alisema Janepher. "Iko hapa mbele yangu."

Upande wa pili, huko Masaka, jogoo aliwika.

"Mwanangu," alisema Senga, "Erifazi tumemzika. Mtu hazikwi mara mbili. Huyo uliye naye mtafutie pa kulala."

Janepher alikaa chini kwenye jivu akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya kifo, kwa kuwa siku zote hizo alikuwa anapika. Lado alisimama pembeni. Baadaye akasema kwamba mama yake, Santina, ana nafasi uani kwao New Site, kando ya babu. Wabari huzika nyumbani, mtu asiwe mbali na sauti za watoto. Janepher akasema Erifazi si Mbari. Lado akafikiri.

"Bila yeye raksha hii ingekuwa imekufa zamani," alisema. "Kalas, basi. Atalala kwetu."

Walimfunga juu ya raksha. Wapagazi wakasaidia, kisha wakafuata kwa miguu. Lado alifunga lile jani moja kavu mbele, chini ya taa. Wakaenda polepole. Walipokaribia njia panda, msafara wa V8 ulitoka upande wa Kator na king'ora, ukienda kumtafutia Mheshimiwa mpishi mwingine. Uliwapita wakiwa katikati ya daraja dogo, jivu likawafunika. Safari hii Janepher hakumtafutia mtu udhuru.

Erifazi alizikwa uani kwa Santina jioni ile.

Miezi ikapita, na jivu likakoma. Mvua zikaliosha, boda zikafufuka, ndege nyingine zikaanza kuruka, na zikitua huizunguka ile ya Kator kwa adabu. Yenyewe ilibaki. Onesmus aliomba likizo ya ugonjwa, akatoka kwa dirisha, akapanda basi la kwenda kwao. Ujumbe ulibaki safarini. Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa amefungua semina ile kwa njia ya simu, na kwamba taifa sasa limejiandaa. Watu wa Kator walizoea hadi wakaanza kuelekezana kwayo. Mtu akiuliza zahanati iko wapi anaambiwa pita bawa la kushoto.

Janepher alikataa kuwapikia tena. Wanajeshi walimtoa kivulini, wakaleta mama mwingine, na Janepher akahamisha sigiri yake ng'ambo ya barabara, kwenye jua kali. Hakwenda mbali, wateja wake walikuwa hapo. Ila ndege nayo ilikuwa imeshuka sana, imenenepa upande huo, na mlango wake ukaja kukaa juu ya ng'ambo ya barabara bila mtu kuusogeza.

Siku moja dereva wa lori kutoka Masaka alimletea mkungu wa ndizi, umefungwa kwenye gunia, na salamu za Senga. Mgomba waliouzika ulikuwa umechipua. Hakuna aliyeutegemea, kwani ulizikwa ukiwa umekatwa, lakini ulitoka katikati ya kaburi, ukasimama, ukazaa mapema kuliko migomba yote ya kijiji. Senga alisema Erifazi alikuwa hivyo tangu utotoni, mtu wa kufanya kazi bila kelele. Mkungu wa kwanza ni wa dada yake.

Janepher alizimenya ndizi zile taratibu, akazifunga kwenye majani, akazipika kwa mvuke kama kwao, moto mdogo, hadi harufu ikajaa mtaa. Aliwaalika Lado, Santina na wale wapagazi. Walikuwa wameshanawa mikono, wamekaa kwenye mkeka. Alipofunua sufuria, mlango wa ndege ulifunguka juu ya kichwa chake. Cirillo hakuhitaji kamba tena. Alipiga goti tu.

"Hiyo ni matoke, mama? Mheshimiwa anapenda sana matoke."

"Hizi ni za kaburini," alisema Janepher. "Zimeota juu ya ndugu yangu, yule mliyemwacha. Ni za watu waliokesha naye."

Cirillo alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote. Akaomba dakika moja, akaingia ndani kumweleza Mheshimiwa. Chini hakuna aliyegusa chakula. Kisha akarudi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mheshimiwa amesema mafi mushkila," alisema, akaibeba sufuria, akafunga mlango.

Ndege ikashuka kidogo tena. Gurudumu moja likatoka lenyewe, likakaa kwenye ukingo wa mkeka, na Santina akajisogeza kulipisha. Janepher alibaki na mfuniko mkononi. Akaukung'uta maji, akaupangusa kwa kanga yake, akauweka pembeni ya sigiri. Kisha akaanza kukanda unga wa chapati, maana wageni walikuwa wameshanawa.